Vitabu Vipya Vimefika Lamu: Mbona Bado Havijawekwa Rafuni?

Maboksi ya vitabu yakiteremshwa gatini Lamu, habari huenea mjini kabla ya maboksi yenyewe kufika maktabani. Mzigo hupita mbele za watu, juu ya punda au mkokoteni wa hamali, na walioketi barazani wote wanauona. Mwanafunzi aliyeuona Jumatatu huja Jumatano kuulizia kitabu chake, akaambiwa bado. Wiki ya pili, bado. Mwezi ukipita watu huanza kusema kwamba vitabu vimefungiwa au vimegawanywa.

Mara nyingi si hivyo. Kitabu kilichofika na kitabu kilicho tayari kuazimwa ni vitu viwili, na kazi iliyo kati yao msomaji haioni. Hapa pwani kazi hiyo ina sehemu moja kubwa ambayo maktaba za bara haziihitaji sana: kukilinda kitabu na unyevu kabla hakijapata rafu.

Kwa nini hufika msimu mbaya

Maktaba ya umma haiendi dukani kununua kitabu kimoja kimoja. Orodha huandaliwa, bajeti hupitishwa, zabuni hutangazwa kwa mujibu wa sheria ya Kenya ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015, muuzaji huchaguliwa, agizo hutolewa, ndipo vitabu hufungwa na kutumwa. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na kumalizika Juni 30, na hivyo ndivyo ilivyo kwa kaunti pia, ambazo Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi maktaba miongoni mwa kazi zake. Fedha ambayo haijatumika kufikia Juni iko hatarini kupotea, kwa hiyo ununuzi mwingi huharakishwa Aprili, Mei na Juni.

Miezi hiyo ndiyo mibaya kabisa kuleta karatasi Lamu au Malindi. Ni masika, Mei ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi, na upepo wa kusi unaichafua bahari. Orodha ikikamilishwa Julai na agizo likatoka kabla ya Oktoba, vitabu vinaweza kufika kati ya Desemba na Februari, wakati wa kaskazi, mvua zikiwa chache na bahari ikiwa tulivu. Kama kuna jambo moja ambalo kamati ya maktaba ya pwani inapaswa kulipigania kwenye vikao vya bajeti, ni hili la tarehe. Halihitaji fedha za ziada, na linaokoa vitabu vingi kuliko dawa yoyote itakayonunuliwa baadaye.

Barabarani na majini

Malindi ina nafuu: lori linafika hadi mlangoni. Mzigo wa Lamu hupita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, halafu hupakiwa mashuani. Hapo uzito wa boksi ni jambo la kuhesabiwa mapema. Kitabu cha kurasa 200 cha ukubwa wa A5, kilichochapwa kwenye karatasi ya gramu 70 kwa mita ya mraba, kina karibu gramu 235 pamoja na jalada. Vitabu 80 vya namna hiyo ni takriban kilo 19. Boksi likizidi hapo hamali mmoja hulibeba kwa taabu kwenye ngazi za gati, na linapoburutwa kona huchanika na vitabu vya chini hupondeka pembe. Agizo liseme wazi kwamba boksi lisizidi kilo 20, kwamba vitabu vifungwe kwenye nailoni kabla ya kutiwa boksini, na kwamba ndani ya chombo mzigo uwekwe juu ya mbao, mbali na ngama yanakokusanyika maji.

Kitabu kikilowa maji ya bahari, wengi hukimbilia kukianika. Hilo ni kosa. Chumvi inayobaki ndani ya karatasi huendelea kuvuta unyevu kutoka hewani miaka na miaka, na kitabu kinachoonekana kimekauka huota kuvu kila masika. Kioshwe kwanza kwa maji matamu safi kikiwa kimefungwa, kishikwe kwa mikono miwili kisifunguke, kisha kichujwe kwa kubanwa taratibu. Baadaye kisimamishwe wima, kurasa zikiwa zimeachana kidogo, kivulini, penye feni isiyokipulizia moja kwa moja. Karatasi za kunyonya maji hutiwa kila baada ya kurasa 20 hivi na kubadilishwa zikilowa. Zikizidi theluthi ya unene wa kitabu, mgongo hupasuka. Jua kali hukunja jalada na kuifanya karatasi iwe ya manjano.

Vitabu vya picha vyenye karatasi ya kung'aa havina subira hiyo. Mpako wake ukilowa hugeuka gundi, na kurasa zikishikana na kukauka hazibanduki tena. Hivi hutenganishwa saa zile zile za mwanzo, au hutiwa kwenye friza hadi apatikane mtu wa kuvishughulikia. Kuvu huweza kuota ndani ya saa 48 hadi 72, kwa hiyo boksi lililolowa Ijumaa haliwezi kungoja Jumatatu.

Ukaguzi kabla ya mhuri

Kitabu kikishapigwa mhuri, muuzaji hakipokei tena. Ndiyo maana ukaguzi hutangulia. Idadi hulinganishwa na hati ya mzigo na agizo, toleo huangaliwa kama ndilo lililoombwa, kisha kurasa. Vitabu vingi huchapwa kwa mafungu ya kurasa 16 au 32, na kasoro hufuata mafungu hayo: fungu zima limekosekana, limerudiwa, au limefungwa juu chini. Hakuna haja ya kufungua kila ukurasa. Pitisha kidole ukitazama nambari kila baada ya kurasa 16, na kasoro kubwa karibu zote zitajitokeza. Kwa kitabu cha kurasa 200 hiyo ni kazi ya nusu dakika, nayo humwepusha mtahiniwa kugundua mwezi wa mtihani kwamba sura ya tano haimo.

Siku za kuzoea hewa

Hapa ndipo lawama nyingi huzaliwa, kwa sababu kwa macho ya mgeni vitabu vimelala tu. Karatasi hunyonya unyevu na kuutoa mpaka ilingane na hewa iliyoizunguka. Kitabu kilichokaa kwenye ghala la Nairobi ni kikavu. Kikifika Lamu huanza kunyonya. Jalada ndilo linaloonyesha kwanza. Upande wa nje una utando wa plastiki usiopitisha maji, upande wa ndani ni karatasi tupu. Upande wa ndani hutanuka, wa nje haujongei, na jalada hujikunja kuelekea nje. Kikiwekwa rafuni wakati huo kikiwa huru, hubaki hivyo maisha yake yote.

Tiba ni kuyafungua maboksi, kuvilaza vitabu bapa katika safu fupi, mgongo huku na mgongo kule kwa zamu ili safu isiegemee, na kuweka ubao wenye uzito juu yake kwa siku kadhaa. Havikai bure wakati huo, kwa maana usajili unaweza kuendelea safu moja baada ya nyingine.

Kipimo cha unyevu wa hewa ni kifaa cha bei ndogo, na kila maktaba ya pwani ingestahili kuwa nacho. Kuvu hupata nguvu unyevu wa hewa unapopita asilimia 65 kwa muda mrefu, na Lamu hukaa juu ya hapo sehemu kubwa ya mwaka. Kwa hiyo kazi si kuikausha hewa yote, kazi ni kuifanya itembee. Kabati la vioo linalofungwa kabisa, ambalo watu hulipenda kwa kuwa linazuia vumbi, huifungia hewa yenye maji pamoja na vitabu. Rafu iliyo wazi nyuma ni bora. Kiyoyozi kinachowashwa asubuhi na kuzimwa jioni nacho kina madhara yake: vitabu hubaki baridi, hewa ya usiku yenye joto na maji huingia, na umande hutua juu ya majalada. Feni inayozunguka mchana na usiku hufanya kazi nzuri zaidi kuliko kiyoyozi cha nusu siku.

Kuta nazo zihesabiwe. Nyumba za kale za Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta hizo hupandisha maji na chumvi kutoka ardhini. Ngome ya Lamu yenyewe, iliyokamilika mwaka 1821, ikatumika kama gereza hadi 1984 na baadaye ikatiwa makumbusho na maktaba, ina kuta nene za namna hiyo hiyo. Rafu isiegemezwe ukutani. Iachiwe sentimita 10, na ubao wa chini uwe juu ya sakafu angalau sentimita 15, ili ufagio upite na mchwa waonekane mapema.

Nambari moja kwa kila nakala

Usajili ni kazi nyepesi inayodai uangalifu. Kila nakala, si kila jina la kitabu, hupewa nambari yake katika daftari au kwenye kompyuta: tarehe ya kupokelewa, mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka, bei, na kama kimenunuliwa au kimetolewa msaada. Nakala ikipotea, nambari yake haipewi kitabu kingine. Mhuri hupigwa kwenye ukurasa wa jina, na tena kwenye ukurasa mmoja wa ndani ambao maktaba imejichagulia na kuutumia kwa vitabu vyote, ili mwenye kuung'oa ukurasa wa mwanzo asiifute asili ya kitabu. Kwenye karatasi ya kung'aa wino haukauki upesi, basi hupigwa penye upande usio na mpako au huwekewa karatasi ya kunyonya. Kitabu cha herufi za Kiarabu hufunguliwa kutoka kulia, na ukurasa wake wa jina uko upande huo. Mhuri uliopigwa upande wa kushoto kwa mazoea utakuwa umepigwa mwisho wa kitabu.

297 na 896: rafu mbili zinazojaa kupita kiasi

Maktaba nyingi za umma hupanga vitabu kwa mfumo wa Dewey, ambao Melvil Dewey aliuchapisha Marekani mwaka 1876. Elimu yote imegawanywa katika mafungu kumi, kutoka 000 hadi 900, na kila fungu hugawanywa tena kwa kumi. Mfumo huu unafanya kazi, lakini uliundwa na watu waliokuwa na maktaba za kwao akilini, na athari yake inaonekana wazi kwenye rafu za Lamu na Malindi.

Fungu la 200 ni la dini. Kuanzia 220 hadi 280 limepewa Biblia na Ukristo. Uislamu, wenye maandiko, fiqhi, sira na tasawufi yake yote, umepewa nambari moja: 297. Katika mji wenye wasomaji kama wa Lamu, karibu vitabu vyote vya dini vinaangukia hapo. Njia pekee ya kuvitenganisha ni nukta na tarakimu zinazofuata: Qur'ani 297.122, hadithi za Mtume 297.124, sheria za ibada 297.14, maisha ya Mtume 297.63. Maktaba ya bara inaweza kuandika 297 tu na msomaji akapata anachotaka. Ya Lamu ikifanya hivyo huwa na rafu nne za vitabu visivyotofautishwa.

Fasihi nayo ni hivyo hivyo. Kiingereza kimepewa 820 nzima na Kifaransa 840 nzima, huku fasihi za lugha za Afrika zimebanwa pamoja katika 896. Kiswahili ni 896.392, ushairi ni 896.3921, tamthilia 896.3922, riwaya na hadithi 896.3923. Tarakimu saba haziingii vizuri kwenye mgongo wa kitabu chembamba cha kurasa 60, na mtoto wa Gredi ya 4 hawezi kuzifuata. Ninaunga mkono maktaba zinazoandika nambari kamili ndani ya katalogi lakini mgongoni zikaweka K na herufi tatu za jina la mwandishi, na kukipa Kiswahili rafu yake karibu na mlango.

Kazi ngumu zaidi ni vitabu vinavyokaa kati ya mafungu. Kitabu cha uvuvi kinachofundisha nyavu, madema na mishipi ni 639.2. Kinachoeleza soko la samaki, bei na ajira za wavuvi ni 338.3727, rafu nyingine kabisa. Kitabu cha ujenzi wa jahazi kinaweza kuwa 623.8 kikifundisha ujenzi, au 387 kikieleza usafiri wa baharini, au 967.62 kikiwa historia ya Kenya kupitia vyombo vyake. Mkutubi hulazimika kusoma dibaji, yaliyomo na walau sura moja, kwa sababu kitabu kilichowekwa rafu isiyo yake hakitaazimwa, hata kama katalogi inasema kipo.

Majina ya waandishi

Kanuni za kuorodhesha zimezoea jina la ukoo: litangulie, likifuatwa na koma, kisha jina la mtu. Pwani mtu ana jina lake, la baba, la babu, na pengine la ukoo. Kitabu chake kimoja hubeba majina mawili, kingine matatu. Jalada moja lina Mohamed, jingine Muhammad. Bila uangalifu, mwandishi mmoja hugawanyika pande tatu za rafu na msomaji hupata kitabu kimoja kati ya vitatu alivyoandika. Dawa ni kuchagua sura moja ya jina, kuiandika mahali pamoja, na kuzielekeza sura nyingine zote kwake kwa neno "tazama". Uamuzi huu hufanywa mara moja kwa kila mwandishi, lakini hauna njia ya mkato: vitabu vyake vilivyotangulia lazima viangaliwe.

Hapa ndipo linapotokea jambo linalowaudhi wasomaji, nao wana haki kuudhika: vitabu vya nje huwahi rafuni na vya kwetu huchelewa. Maktaba zenye programu ya kuorodhesha, kama Koha iliyoanza kutumika New Zealand mwaka 2000, huingiza ISBN, nambari ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, na kuvuta maelezo yaliyokwisha kuandikwa na maktaba nyingine. Riwaya iliyochapwa London humalizwa kwa dakika chache. Vitabu vya Kenya, ambavyo ISBN zake huanza kwa 978-9966 au 978-9914, mara nyingi havina maelezo popote. Kijitabu cha tenzi kilichochapwa kwa fedha za mwandishi mwenyewe pengine hakina ISBN kabisa, ingawa nchini nambari hizo hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Kitaifa, KNLS. Kitabu kama hicho huandikwa mwanzo hadi mwisho. Kikikamilika, maelezo yake ya Lamu yanaweza kuvutwa na maktaba yoyote duniani, na hiyo ni sababu tosha ya kutokifanyia haraka.

Lebo, gundi na hesabu ya siku

Lebo hubandikwa sentimita 2 hadi 3 kutoka chini ya mgongo, zote kwa kimo kimoja ili jicho lipite mstari mmoja. Gundi ya lebo za kawaida hulegea kwenye joto na unyevu wa pwani, kwa hiyo hufunikwa kwa utando mpana unaozunguka hadi kwenye jalada. Utepe mwembamba wa ofisini hautoshi: baada ya miezi kadhaa gundi yake huchuruzika, hushika vumbi na kukiganda kitabu cha jirani. Jalada la karatasi huvikwa nailoni ngumu iliyokunjwa ndani, isiyogundishwa kwenye kitabu chenyewe, ili iweze kubadilishwa.

Sasa chukua mfano wa maboksi 10 yenye vitabu 80 kila moja. Nakala ni 800. Ikiwa ukaguzi, usajili, uainishaji, mhuri, lebo na nailoni huchukua dakika 15 kwa wastani, hizo ni saa 200, sawa na siku 25 za kazi za saa 8 kwa mtu mmoja asiyeguswa na jambo jingine. Mtu huyo huyo ndiye anayewahudumia wasomaji mezani.

Maboksi ya msaada

Vitabu vya msaada huonekana ni vya bure, lakini hudai kazi kubwa kuliko vilivyonunuliwa, kwa kuwa vimekwisha kukaa nyumbani mwa watu. Huja na mayai ya mende, na vidudu vile vyembamba vya rangi ya fedha vinavyokimbia ukurasa unapofunguliwa, ambavyo hula wanga wa gundi na karatasi. Maboksi haya hutengwa chumba kingine wiki mbili kabla ya kukaribishwa kwenye rafu. Kikionekana kidudu, kitabu hutiwa ndani ya mfuko wa nailoni uliotolewa hewa na kuzibwa, kikawekwa kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Mfuko haufunguliwi hadi kitabu kirudie joto la chumba, siku nzima baadaye. Ukifunguliwa mapema, kitabu baridi huvuta umande. Chenye kuvu hupelekwa nje, mtu akiwa amevaa barakoa, kikaushwe kwanza kisha kipigwe brashi laini kuelekea mbali na uso. Kitambaa chenye maji huisukuma kuvu ndani ya karatasi.

Anayetaka kutoa aulize kwanza kinachohitajika. Mtihani wa KCPE, wa kumaliza shule ya msingi, ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, hivyo vitabu vya marudio vya darasa la 8 havina tena mtahiniwa. Vya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, bado vina kazi hadi kundi la mwisho la mfumo wa zamani wa 8-4-4 limalize mwaka 2027. Vya sekondari ya juu katika mtaala mpya, kuanzia Gredi ya 10, ndivyo vinavyokosekana.

Na anayesubiri kitabu asikae kimya. Aandike jina la kitabu na la mwandishi kwenye karatasi, na lini anakihitaji, amkabidhi mkutubi. Nakala iliyoombwa inaweza kutolewa kwenye safu ikashughulikiwa kabla ya nyingine. Akikipata na kikiwa hakijafunguliwa bado, akisimamishe kwa mgongo mezani, alaze jalada la mbele kisha la nyuma, halafu kurasa chache za mbele, chache za nyuma, akibonyeza taratibu karibu na mgongo mpaka afike katikati. Kitabu cha gundi kinachopanuliwa ghafla katikati huvunjika hapo hapo. Ukisikia gundi ikipasuka, acha, kirudishe mezani siku hiyo hiyo: ufa mpya hushikwa kwa gundi nyeupe ya seremala kidogo na usiku mmoja chini ya uzito, ilhali kurasa zilizokwisha kutoka lazima zifungwe upya.